Suria hakuwa mchumba: dhana potofu katika riwaya za vijana

Kijana wa Bagamoyo akitaka kuandika riwaya ya kihistoria, mandhari anayo mlangoni. Kutoka Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, hadi ufukweni ni kisa kitupu: misafara ya Tabora na Ujiji, pembe za ndovu, mapagazi, mateka. Nami huletewa miswada hiyo niisome. Karibu kila mmoja una binti mzuri aliyenunuliwa na tajiri, na kufika sura ya 5 ameshampenda.

Binti huyo anazaliwa na dhana kwamba suria, yaani mtumwa wa kike aliyelala na bwana wake, alikuwa mke mdogo tu, tena mwenye bahati. Kweli, kwa sheria ya Kiislamu, suria aliyemzalia bwana wake hakuuzwa tena, mtoto aliyekubaliwa na baba alikuwa huru, na mama akawa huru bwana akifa. Lakini mke alikuwa na walii wa kumsimamia katika ndoa, mahari na mlango wa kadhi. Suria alilala na bwana kwa kuwa alinunuliwa. Angekataa, angekataa kwa nani? Amri ya 1897 iliyofuta utumwa Zanzibar iliwabagua masuria hata hapo: suria hakuweza kudai uhuru wake mpaka athibitishe kuwa alitendewa ukatili, na hali hiyo ilidumu hadi 1909. Huku Tanganyika, sheria ya kufuta utumwa ilikuja 1922.

Wengine hunijibu kwamba zamani ilikuwa kawaida. Kawaida ya mnunuzi, labda.

Kuna na wazazi wanaosema tusiwaandikie watoto mambo hayo kabisa. Nawaelewa, mimi pia nina binti kidato cha pili. Ila wanachanganya kusimulia na kuonyesha. Mwandishi anaweza kufunga mlango wa chumba, kisha akatupeleka asubuhi yake: binti anaoga kisimani mara ya tatu, na akiitwa kwa jina jipya alilopachikwa, haitiki. Hapo msomaji ameelewa, wala hakuchungulia. Kitendo kikielezwa kwa urefu, aghalabu tunajikuta tunamtazama binti kwa macho ya yule yule bwana, na huo ndio uchafu wenyewe.

Juzi mwandishi mmoja, baada ya kuikata sura yake ya 5, aliniuliza kwa uchungu: "Sasa mapenzi niyaweke wapi, mwalimu?" Nikamwambia ajaribu jikoni, kwa wajakazi wawili wanaonong'onezana Kinyamwezi huku wakikuna nazi.