Emalsheni: kujitenga siyo kukatika

Juzi nimemsikia tena mtu akifundisha kutengeneza vinywaji: "Ndimu na chumvi hukata emalsheni yoyote." Yoyote! Hapo uvumilivu ukaniishia.

Emalsheni ni matone madogo sana ya kimiminika kimoja yaliyotawanyika ndani ya kingine kisichopatana nacho. Mafuta hayajayeyuka majini. Yamegawanywa tu, na kuna kitu kinachoyazuia yasirudiane. Basi, hiyo ndiyo maana.

Neno limetokana na Kilatini, emulgere, yaani kukamua. Zamani huko Ulaya watu walitwanga lozi, wakatia maji, wakakamua, kikatoka kitu cheupe kama maziwa. Sisi tuliolelewa na mbuzi ya nazi hatuhitaji kuchorewa picha: kuna, tia maji, kamua, chuja machicha, umepata tui. Tui ni emalsheni kamili, na nadhani kosa letu linaanzia hapo hapo jikoni, kwa sababu tunachukua tabia ya tui na kuvivisha vitu vingine vyote.

Katika tui, matone ya mafuta yamevikwa protini ya nazi. Protini hiyo ina chaji ya umeme, na matone yenye chaji moja husukumana. Ukikamulia ndimu, pH (kipimo cha asidi: ikishuka, uchachu umezidi) ikashuka karibu na 4, chaji hiyo hukaribia sifuri, matone yanaacha kusukumana, yanagandana. Ndiyo maana mpishi wa samaki wa nazi hana haraka na ndimu.

Sasa njoo kwenye gundi ya Kiarabu, ile inayotumika kuyashikilia mafuta ndani ya soda, ambayo wala si ya Arabuni: hugemwa kwenye migunga, kwa wingi Sudan, na jina ilipewa na njia za biashara. (Wala si sandarusi, tafadhali. Sandarusi haiyeyuki majini, kazi yake ni vanishi.) Gundi hii karibu yote ni sukari zilizoungana kwa matawi, na protini kidogo, kama asilimia 2. Protini hujishikiza kwenye tone la mafuta, matawi ya sukari yakatandaa majini kulizunguka. Matone mawili yakikaribiana, matawi hugongana kabla mafuta hayajagusana. Kwa hiyo kinga kubwa hapa ni unene wa vazi, chaji ni msaidizi tu. Asidi ikipunguza chaji, vazi bado lipo. Chumvi ikiifunika chaji, vazi bado lipo. Soda ya machungwa ina pH ya karibu 3, na mafuta yake ya maganda hukaa dukani miezi kadhaa yakiwa yametawanyika vizuri.

Sisemi gundi haiguswi. Chumvi huifanya molekuli ijikunje, uji wa gundi ukawa mwepesi, na katika maji mepesi matone hupanda juu upesi. Kalsiamu, yenye chaji mbili, huifanya kazi hiyo kwa nguvu kuliko sodiamu ya chumvi ya kawaida. Asidi kali ikichanganyika na moto wa muda mrefu huikatakata gundi yenyewe.

Lakini kupanda juu ni kujitenga. Tone bado ni tone, limehama tu. Kushikana ni matone kukaa kwa vichala, kila moja na ngozi yake. Kukatika hasa ni ngozi kupasuka na matone mengi kuwa tone moja kubwa, na hapo hakuna kijiko kitakachokurudisha ulikotoka. Mambo matatu, nasi tunayaita yote "imekatika".

Kwa hiyo, mwalimu wangu wa vinywaji, kuhusu tui na ndimu tuko pamoja. Ila ile chupa ya gundi na mafuta ya chungwa uliyoimwaga kwa sababu utando ulionekana shingoni, siku nyingine izibe, itikise, uiache kidogo. Utando ukirudi majini bila kuacha macho ya mafuta, ilikuwa imejitenga tu.