Umeme wa neva: maswali na majibu, kuanzia ganzi ya jino hadi sumu ya samaki aitwaye bunju

Mwilini kuna umeme kweli, au ni namna ya kusema tu?

Umo kweli, na unapimika. Seli ya neva iliyotulia huwa na chaji hasi ndani ukilinganisha na nje, na tofauti hiyo ni kama milivolti 70. Betri ya tochi inaizidi zaidi ya mara 20, lakini kwa kazi ya neva inatosha.

Unatoka wapi?

Kwenye chumvi. Majimaji yaliyo nje ya seli yana sodiamu nyingi, na ya ndani yana potasiamu nyingi. Katika utando wa seli kuna pampu zinazotoa chembe 3 za sodiamu kila zinapoingiza 2 za potasiamu, usiku na mchana. Potasiamu nayo huvuja kidogo kidogo kurudi nje, ikiondoka na chaji chanya, ndiyo maana ndani kunabaki hasi. Pampu hizi ni moja ya sababu kubwa zinazoufanya ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, utumie karibu asilimia 20 ya nishati tunapopumzika.

Basi taarifa inasafirije?

Jibu lilipatikana kwa ngisi. Ngisi ana neva nene sana, nyingine hufikia unene wa milimita 1, na Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliweza kuingiza nyaya ndani yake katika maabara ya Plymouth. Mwaka 1952 walichapisha maelezo kamili ya kinachotokea, na mwaka 1963 wakapata Tuzo ya Nobel.

Neva inaposisimuliwa vya kutosha, milango midogo ya sodiamu kwenye utando hufunguka. Sodiamu humiminika ndani, na kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde ndani kunageuka kuwa chanya. Milango hiyo hujifunga, potasiamu hutoka, hali ya kwanza inarudi. Lakini mabadiliko hayo yameshaifungua milango ya jirani, nayo inafungua ya mbele yake, hadi mwisho wa neva. Kwa hiyo chaji haikimbii moja kwa moja kama kwenye waya wa shaba: inavuka utando, kipande baada ya kipande.

Jambo linalonishangaza kila mara ni kwamba mpigo wa neva hauna mkubwa wala mdogo. Ama upo, ama haupo. Ubongo hutambua kwamba chai ni ya moto sana, si ya vuguvugu, kwa wingi wa mipigo inayoingia na kwa kujua ni neva zipi zimeituma.

Mbona nikijikwaa nahisi kugonga kwanza, halafu maumivu ya kufukuta yanafuata?

Kwa sababu neva hazilingani mwendo. Zilizofunikwa kwa mayelini, aina ya mafuta, hurusha mpigo kutoka pengo hadi pengo, na zenye kasi kuliko zote hufikia mita 120 kwa sekunde. Neva za maumivu ya kufukuta hazina mayelini. Mwendo wake ni kama mita 1 kwa sekunde.

Neva ikiishia, taarifa inavukaje?

Kwa kemikali. Kati ya neva na msuli, kwa mfano, humwagwa asetilikolini, kisha kimeng'enya huivunja mara moja. Baadhi ya dawa za kuua wadudu shambani hukizuia kimeng'enya hicho: jasho na mate humtoka mtu kwa wingi, misuli inatetemeka, pumzi inaisha. Ukimwona mtu hivyo baada ya kupulizia dawa, mwahishe hospitali.

Sindano ya ganzi hufanya nini?

Dawa kama lignokaini huziba milango ya sodiamu mahali ilipochomwa. Jino linang'olewa, neva inashindwa kutuma habari. Damu ikishaiondoa dawa, hisia zinarudi.

Na bunju je?

Sumu yake, tetrodotoksini, huziba milango hiyohiyo, ila mwili mzima. Hukaa zaidi kwenye ini, mayai na ngozi. Kupika, kukaanga au kukausha hakuiondoi. Japani, ambako samaki huyu ni chakula cha fahari, wapishi husomea na kupewa leseni, na ini lake hairuhusiwi kuuzwa. Kwa hiyo usimwamini anayesema anajua kumsafisha nyumbani.

Dalili mara nyingi huanza ndani ya saa moja: midomo na ulimi kufa ganzi, kisha vidole, kutapika, miguu kuishiwa nguvu. Hatari kuu ni misuli ya kupumua kulegea. Hakuna dawa ya kuivunja sumu hii. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua kwa mashine hadi sumu itoke, na anayevuka saa 24 za kwanza kwa kawaida hupona.

Usisubiri azidiwe. Mpeleke hospitali anapoanza tu kulalamika midomo, mlaze kwa ubavu akitapika, na pumzi ikikata mpulizie hewa mdomoni njia nzima. Asipoweza kusema wala kufumbua macho, msimdhanie amekufa: mara nyingi anasikia kila kitu.