Acheni kung'oa visiki

Kila mwaka mvua zikikaribia, wakulima wa Kongwa na Chamwino, wilaya za Dodoma, huniuliza: "Bwana miti, miche inakuja lini?" Nikitazama nyuma ya muulizaji, naona rundo la visiki alivyong'oa juzi, tayari kwa kuni.

"Shamba safi halina kisiki, miti tutapanda."

Nimechoka kulisikia hili. Kisiki cha mgunga au mlama kinachochipua kina mizizi iliyokwisha kushuka chini sana, kwenye unyevu ambao mche wa kiriba, yaani uliooteshwa kwenye kimfuko kitaluni, hauwezi kuufikia. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili au karibu na hapo, halafu kiangazi. Nani atamwagilia, wakati maji ya kunywa yenyewe yanafuatwa na punda? Mnapanda, mnapiga picha na mgeni rasmi, ikifika Septemba kimebaki kijiti.

Badala ya kung'oa, kwenye kila kisiki chagua machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, mengine kata. Pogoa matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu wa chipukizi, kisha funga kitambaa ili wachungaji wajue kisiki kina mwenyewe. Na panga linolewe, jamani! Panga butu linachana gome, jeraha halifungi vizuri.

Wana Kongwa ndio hasa wasiohitaji kuambiwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta mitambo kufyeka na kung'oa vichaka ili walime karanga. Jua lilipowaka, udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa mgumu, kuzichimbua karanga ikawa kazi. Mradi ulifutwa 1951, pauni zaidi ya milioni 30 zimeshakwenda.

Kuna na misemo mingine miwili inayonichosha. Wa kwanza ni wa kwelea kwelea, vindege wanaovamia mashamba ya nafaka:

"Ndege ikipuliza dawa, kwelea kwelea wamekwisha."

Hawamaliziki, kundi jingine linahamia. Ila sumu ile huua pia bundi na mwewe wanaokula mizoga, na bundi ndiye anayekulia panya wa shambani. Nanyi mnaookota kwelea waliopuliziwa mkawakaanga: acheni, hiyo ni sumu.

"Ondoa mifugo tu, ardhi itapona."

Hapa hutajwa Kondoa, wilaya nyingine ya Dodoma. Kweli, mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka, na uoto ukarudi. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka: walipelekwa maeneo ya jirani, na mzigo wa malisho ukahamia huko. Miaka kama kumi baadaye wakaanza kuruhusiwa tena, safari hii wakifugwa bandani na kukatiwa majani.