Nairobi hadi New York: umbali ni mmoja, saa ni mbalimbali

Kazi yangu ni kupanga njia na mafuta ya ndege kabla rubani hajaketi kitini. Jamaa zangu wakijua hivyo, swali huwa moja: Nairobi na New York ni umbali gani, na ni saa ngapi angani?

Kwa njia fupi kuliko zote, kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK, uwanja wa New York, ni takriban kilomita 11,830. Ila njia hiyo usiitafute kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Chukua tufe la dunia, lile la darasani, bana uzi kwa kidole gumba pale Nairobi, uvute mpaka New York, kisha uukaze. Utaona uzi unapanda kaskazini-magharibi, unaikata Sahara, na nusu ya safari inaangukia Moroko, jirani na Marrakesh. Yaani umeshakwenda karibu kilomita 6,000 na Afrika bado iko chini yako! Nimeupima uzi huo mara nyingi, na ukubwa wa bara hili bado hunishangaza.

Sasa saa. Kenya Airways ilipoanza safari hii tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8, ratiba ilikuwa kama saa 15 kwenda na 14 kurudi. Kilomita ni zile zile. Kinachobadilika ni upepo. Huko juu, hasa kaskazini mwa Atlantiki, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwenda Marekani ni mbisho, kama wasemavyo mabaharia, yaani unapigana na upepo wa mbele; kurudi unasukumwa. Tuseme ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa na upepo ni 40 tu kwa wastani. Kwenda unabaki na 860, kurudi unapata 940. Kwa umbali huu, tofauti ni dakika 70 hivi. Kila upande ongeza muda wa ndege kutembea uwanjani, kupaa, na kukwepa mawingu ya radi.

Mbisho unakula mafuta pia, na mafuta yenyewe ni mzigo: sehemu yake huchomwa kwa kuyabeba tu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini na mabawa hupata taabu kuinua uzito huo. Baridi ya usiku hutusaidia, kwa kuwa hewa baridi ni nzito.

Wengi hupotea kwenye saa ya ukutani. Ratiba ile ya 2018 ilisema kuondoka saa 5:25 usiku na kutua saa 12:25 asubuhi. Mtu anahesabu saa saba! Hapana: New York iko nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo ni 15. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba wao husogeza saa mbele, tofauti inakuwa saba. Anayekuja kukupokea mtajie saa ya kule tu, asihesabu chochote.