Simu si mbovu, umeiweka pabaya

Wiki hii peke yake nimeletewa simu tatu za nyumbani zisizo na waya, zote nzima. Neno ni lile lile: "Fundi, imekufa, inakwaruza tu." Naichomeka hapa mezani pangu, sauti inatoka safi. Mmoja alikuwa ameshanunua nyingine mpya, nayo ikakwaruza vile vile.

Dhana hii, kwamba mkwaruzo ni ugonjwa wa simu, ndiyo inayoniuma kuliko zote. Juzi niliitwa nyumba moja ya Mji wa Kale, ghorofa tatu, kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa dhiraa nzima. Kitako cha simu, kile kinachoungwa na laini na kuchaji simu, kimesukumwa chini kabisa, nyuma ya televisheni, kimebanana na rauta. Bibi mwenye nyumba analala ghorofa ya juu. Karatasi ya simu inasema mita 50 ndani ya nyumba na 300 uwanjani, lakini aliyepima hizo 50 hakuwa na ukuta wa matumbawe mbele yake. Nikakihamishia kitako ghorofa ya kati, juu ya kabati ya ngazini, mbali na rauta. Bibi akampigia mwanawe aliyeko Malindi, amelala kitandani, akaongea mpaka akatosheka. Sikufungua hata skrubu moja.

Simu za masafa ya redio ya gigahezi 2.4 zinagombea njia na Wi-Fi, na maikrowevu nayo hufanya kazi papo hapo, 2.45. Jaribu mwenyewe: tia bilauri ya maji ndani ya maikrowevu, iwashe, kisha uisogelee ukiongea na simu. Kelele ikija na kukoma pamoja nayo, mchawi umemjua. Simu za DECT, aina ya simu zisizo na waya zenye masafa yake, megahezi 1880 hadi 1900, ziko nje ya vurugu hiyo, ila friji, kioo kikubwa na mabati huzizuia pia. Na kabla hujalaumu chochote, chomeka simu ya waya kwenye soketi ile ile. Ikikwaruza nayo, shida iko kwenye laini. Kama intaneti yako inapita laini hiyo hiyo, hakikisha simu imepitia kichujio, kile kidude kinachotenga sauti na intaneti.

Wengine huniambia gigahezi nyingi ndiyo simu bora. Hapana, masafa yakipanda, ukuta unazidi kuwa mgumu kupenya. Ile "DECT 6.0" ya simu za Marekani wala si gigahezi sita, ni jina la sokoni tu. Zinatumia megahezi 1920 hadi 1930, na huku kwetu masafa hayo ni ya 3G ya simu za mkononi. Ndugu akikuletea zawadi hiyo, shukuru, usiiwashe. Adapta yake mara nyingi ni ya volti 120, nasi tuna 240.

Betri yoyote ikiingia inafaa? Jamani, mawe ya redio hayachajiwi! Kitako hakijui tofauti, kitayasukumia umeme mpaka yavuje, na yanaweza kupasuka. Fuata aina iliyoandikwa penye betri, nyingi ni NiMH za volti 1.2, na usichanganye mpya na kuukuu.

Stima ikipotea, kitako kinazimika na simu imekwisha. Nyumba yenye wazee iwe na simu moja ya waya kwenye laini yake. Hili nalirudia kila nyumba ninayoingia.

Na radi: mkonga, ule unaoushika sikioni, hauna waya, kwa hiyo hauwezi kukuletea pigo sikioni, lakini kitako kimeungwa na nyaya mbili. Masika yakinguruma, watu huchomoa ya stima wakaiacha ya laini. Chomoa zote mbili, mapema.

Mkonga ukikataa kuchaji, usikimbilie betri. Tazama vile vichuma viwili vidogo kitakoni. Hewa yetu ya chumvi huvitia ukijani. Chomoa stima, visugue kwa raba ya penseli mpaka ving'ae, rudisha stima na mkonga, usubiri taa iwake.