Koo, kalamu na simu ya ng'ombe: dhana potofu kuhusu kelele za ofisini

Kwa miaka sita nilifanya kazi katika chumba kimoja kirefu, ghorofa ya nne, katikati ya Dar es Salaam. Meza 11, marumaru chini, vioo vya alumini ubavuni. Dada aliyekaa kushoto kwangu alikuwa na kalamu ya kubofya. Kulia alikaa mtu mzima, wa kuheshimika, aliyekuwa akijikohoza tangu chai ya saa nne hadi jioni. Mwisho wa mwezi nilifunga hesabu huku nimeuma meno. Karibu kila nilichoamini wakati ule kuhusu kelele hakikuwa kweli, na bado nakisikia kwa watu wengine.

"Kasauti kenyewe kadogo, unajidekeza tu."

Watu hupima kelele kwa ukubwa wake, kama anayepima viazi sokoni. Kwa usalama wa masikio, sawa. Wataalamu wengi huanza kuhofia usikivu wa mfanyakazi kelele zikifika desibeli 85 kwa zamu ya saa 8, na kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini ziliweka mpaka kwenye 90. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60, kwa hiyo kalamu haimharibii mtu masikio. Lakini hakuna aliyelalamikia masikio. Kinachoharibika ni kazi, na kazi huharibiwa zaidi na sauti isiyotabirika, sauti yenye maneno, na sauti usiyo na uwezo wa kuizima. Feni inanguruma kuliko kalamu kutwa nzima, na hakuna anayegombana nayo.

Hilo la uwezo wa kuizima lilipimwa na wanasaikolojia wa Marekani, David Glass na Jerome Singer, mwishoni mwa miaka ya 1960. Waliwapa watu kazi huku wakiwapigia kelele zisizo na mpangilio. Kundi moja lilionyeshwa kitufe: ukizidiwa, bonyeza, kelele zitakoma, ila tungependa usibonyeze. Wengi hawakubonyeza, kwa hiyo walisikia kelele zile zile walizosikia wenzao. Lakini baadaye, walipopewa mafumbo magumu na maandishi ya kusahihisha, waliokuwa na kitufe walivumilia zaidi na kukosea mara chache.

Kitufe changu kilikuwa chumba cha mikutano. Nilimwomba bosi aniruhusu kuhamia humo siku mbili za kufunga hesabu, kikiwa hakina watu. Akakubali. Nadhani nilihamia mara tatu kwa mwaka mzima. Zile siku nyingine nilibaki mezani pangu, kalamu ikibofywa vile vile, ila sikuwa tena na ile hali ya mtu aliyefungiwa.

"Utazoea."

Feni utaizoea. Mengine unaweza kudhani umeyazoea. Mwaka 2000 Gary Evans na Dana Johnson wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha jaribio la makarani wanawake 40 waliofanya kazi kwa saa 3, baadhi kwenye utulivu, baadhi kwenye kelele za kawaida za ofisi, wala si kubwa. Waliokuwa kwenye kelele hawakusema wana msongo kuliko wenzao. Lakini adrenalini, homoni ya msongo, kwenye mkojo wao ilikuwa juu zaidi, walikata tamaa mapema kwenye mafumbo yasiyo na jibu, na hata kujigeuza kitini walijigeuza mara chache. Mdomo ulisema niko salama, mwili ukasema lake.

"Bora anayeongea na simu, yuko peke yake. Wawili wakipiga soga ndiyo balaa."

Kinyume chake. Mwaka 2010 watafiti wa Cornell, Lauren Emberson na wenzake, walionyesha kwamba kusikia upande mmoja wa mazungumzo ya simu kunaharibu umakini kuliko kusikia pande zote mbili. Maelezo yao ni kwamba akili hupenda kukisia neno linalofuata. Ukisikia wote wawili, unakisia kwa urahisi na kuachana nao. Ukisikia mmoja, kila kimya ni shimo ambalo akili inajitahidi kulifukia.

Nadhani kila mtu ana mfano wake. Wangu ni huu: "Haloo... Ee... Wee! Lini? ... Hapana, mama hajui... Sasa ng'ombe yuko wapi?" Hapo hesabu zangu zilikuwa zimekwisha. Na mimi nilitaka kujua ng'ombe yuko wapi.

Wengine husema, basi aongee kikwao, nisipoelewa sitasumbuka. Nusu kweli. Kisa cha ng'ombe kitanipita, ni kweli. Lakini mwaka 1976 Herbert Colle na Alan Welsh waliwapa wasemaji wa Kiingereza orodha za herufi wazikumbuke kwa mpangilio, huku wakisikilizishwa Kijerumani wasichokijua. Walikosea zaidi kuliko kwenye ukimya. Mhasibu anayehamisha tarakimu 12 za ankara kutoka karatasini hadi kwenye kompyuta anafanya kazi ya aina hiyo hiyo. Kinyakyusa cha jirani kitamvuruga hata kama haelewi neno.

"Nunua hedifoni, yameisha."

Zile za bei, zinazofuta kelele, hufanya kazi nzuri kwa mngurumo wa chini usiobadilika: jenereta, kiyoyozi, injini ya ndege. Kikohozi, kalamu na mlango unaobamizwa hupenya. Ukiongeza muziki ili kuvifunika, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na saa 40 ndiyo wiki nzima ya ofisi. Muziki wenye maneno nao ni mtu mwingine anayeongea sikioni. Sauti ya mvua ni afadhali. Halafu kuna jambo ambalo watengenezaji wa hedifoni hawakulifikiria: mkubwa anapita, anakusalimu, hujibu. Kesho ofisi nzima inajua una kiburi.

"Anayekasirishwa na mtu kutafuna ana roho mbaya."

Mwaka 2001 Margaret na Pawel Jastreboff, wakiwa Marekani, waliipa jina hali ya kuchukizwa kupita kiasi na sauti fulani ndogo, hasa za kinywa na pua: misofonia. Mwaka 2017 timu ya Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, ikiongozwa na Sukhbinder Kumar, iliwapima ubongo wenye hali hiyo. Waliposikia sauti zinazowaudhi, sehemu iitwayo insula, inayohusika na kuamua kipi kipewe uzito, iliwaka kuliko kwa wengine, na moyo ukaenda mbio. Misofonia haimo katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, na kuudhiwa na anayetafuna karanga hakukufanyi kuwa nayo. Lakini mwenzako akiinuka na kutoka nje kila ukifungua pakiti, usimwite mwenye majivuno.

"Anafanya makusudi."

Hii ndiyo iliyonigharimu zaidi, maana niliiamini miezi minane.

Mzee wa kulia nilimchukia kimya kimya. Nilijaribu njia zote za woga: kugeuza kiti, kuguna, kufungua dirisha kwa kishindo. Kumtania mbele za watu sikuthubutu, na nashukuru, kwa sababu mtu mzima akishachekwa mbele ya vijana hakuna mazungumzo tena. Mwishowe nilimsubiri saa za kwenda nyumbani, chumba kikiwa tupu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bado upo?"

"Nipo. Mzee, nilitaka kukuuliza, hicho kikohozi hakikusumbui? Naona ni muda sasa."

Akanitazama. "Kumbe kinasikika hadi kwako? Hata mama watoto ananiambia."

Kilikuwa kimeanza baada ya kuanzishiwa dawa za presha. Dawa za kundi la enalapril na captopril zinajulikana kuwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha, na daktari anaweza kubadilisha aina, ila mgonjwa asiache dawa mwenyewe. Kliniki walimpima kwanza kifua kikuu, kama inavyotakiwa kwa kikohozi kilichofika wiki mbili au zaidi. Hakuwa nacho. Wakambadilishia dawa, na baada ya wiki kadhaa upande wa kulia ukatulia.

Si kila kikohozi kina kisa hicho. Kuna mzio, kuna tindikali inayopanda kutoka tumboni, na kuna watu ambao kunusanusa na kujikohoza kwao ni mshtuko wa misuli wasioweza kuuzuia kwa muda mrefu. Ukimuuliza mtu kwa faragha, ukianza na hali yake badala ya kero yako, utajua.

Dada wa kalamu nilimweleza kwa maneno mawili. Akacheka, akanunua ya kifuniko.

"Tatizo ni watu, chumba hakina kosa."

Marumaru, vioo na kuta tupu hurudisha sauti. Zulia, mapazia mazito na makabati yaliyojaa mafaili huinywa. Na ile sifa kwamba kubomoa kuta huwafanya watu waongee zaidi? Mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Harvard walichapisha vipimo vya ofisi zilizohamia mpango huo: mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, barua pepe zikaongezeka.

Tulimpelekea bosi ombi la zulia. Alikataa, akasema vumbi la Dar litalimaliza mwaka wa kwanza, na sidhani alikosea. Mapazia aliyakubali. Simu za nyumbani zikahamia kwenye ngazi, na habari za ng'ombe sikuzisikia tena.