Ramani mpya ya mafuriko si ruhusa ya kufuta bima

Jumamosi iliyopita nilitumiwa picha ya barua kwenye simu, na chini yake ujumbe wa mstari mmoja: "Kaka, wametutoa kwenye mafuriko, naomba uifute ile bima." Mwandishi wa ujumbe ni dada ninayemheshimu, mteja wangu wa bima tangu aliponunua nyumba kusini-magharibi mwa Houston, Texas, na hakukosea ila neno moja. Ametolewa kwenye zoni AE, yaani eneo ambalo ramani inalihesabu kuwa na hatari kubwa ya mafuriko, kwa sababu kijito kilicho nyuma ya mtaa wao kimepanuliwa na kipande hicho cha ramani kimechorwa upya. Kwenye mafuriko hakuna mwenye mamlaka ya kumtoa mtu. Nimelieleza jambo hili mara nyingi mno, kiasi kwamba siku hizi mke wangu hulijibu kwa niaba yangu tukiwa mezani, kwa hiyo naliandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia maandishi haya.

Imani yenyewe ni kwamba rangi ya buluu, ile inayoonyesha zoni za hatari kwenye ramani ya FEMA (shirika la serikali kuu ya Marekani la kukabili maafa), ikishahama kutoka kwenye kiwanja chako, ulazima wa bima unaisha, bei inashuka na hatari inaondoka, yote matatu kwa mpigo. Hayo ni mambo matatu yasiyofungamana, na ramani ina kauli ya mwisho juu ya moja tu, tena si yote.

Hilo moja ni ulazima. Tangu sheria ya mwaka 1973, benki zinazosimamiwa na serikali kuu ya Marekani zinapokopesha kwa nyumba iliyo ndani ya zoni za hatari kubwa, zinazoanza na herufi A au V, hazina budi kudai bima ya mafuriko. Ramani mpya ikikuingiza humo, benki itakuandikia, na usipoleta uthibitisho wa bima ndani ya siku 45 itakukatia yenyewe na kukutoza gharama, na bima ya namna hiyo kwa kawaida ni ghali, huku ikilinda deni la benki kuliko makochi yako. Ramani ikikutoa, sharti la sheria linaondoka, lakini benki bado inaweza kudai bima kwa hiari yake. Kwa hiyo mpigie simu aliyekukopesha kabla hujanipigia mimi. Anayeamini kwamba ramani imemwonea na nyumba yake ipo juu ya kimo cha maji ya mafuriko, atafute mpima ardhi mwenye leseni, aombe barua ya marekebisho ambayo sote tunaiita LOMA, na FEMA haimtozi ada ya maombi hayo.

Bei ndiyo inayonichosha. Nakiri kwamba zamani imani hii ilikuwa na ukweli mwingi, na kwamba sisi mawakala ndio tulioieneza: mwenye zoni X, yaani nje ya zoni hizo za hatari, alipata bima ya bei nafuu iliyopangwa tayari, na mwenye zoni AE alipimiwa sakafu yake dhidi ya kimo cha maji kilichoandikwa kwenye ramani. Mfumo huo umezikwa. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2021 kwa bima mpya, na tarehe 1 Aprili 2022 kwa zile zinazohuishwa, mpango wa taifa wa bima ya mafuriko hauangalii tena zoni unapopanga ada. Unaangalia nyumba ipo umbali gani kutoka kwenye maji, sakafu ya kwanza imeinuka kiasi gani, msingi ni wa aina gani, na kuijenga upya kungegharimu kiasi gani. Nyumba mbili zinazotazamana, moja AE na nyingine X, zinaweza kulipa sawa, na nimekwisha kuona yenye X ikilipa zaidi. Mstari ukihama kwenye ramani, nyumba haikuhama nao wala sakafu haikupanda, kwa hiyo mashine inayokokotoa bei haina habari na barua uliyonipigia picha.

Tena kufuta kuna hasara ambayo watu hawaihesabu. Mteja wangu huyu alikata bima kabla ya mabadiliko ya 2021, kwa hiyo halipi bado bei kamili. Anaipandia ngazi, na kwa nyumba ya kuishi mwenyewe sheria kwa kawaida hairuhusu ada ipande zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka. Tuseme, kwa mfano tu, analipa dola 900 na bei kamili ya nyumba yake ni dola 2,100. Mwaka ujao atalipa si zaidi ya dola 1,062, na bei kamili ataifikia baada ya kuhuisha mara sita. Akifuta leo, kisha dhoruba ya mwaka kesho ikamtia hofu akarudi, ataanzia dola 2,100 siku hiyo hiyo, na atasubiri siku 30 kabla bima haijaanza kumlinda. Ngazi ameitupa kwa mkono wake. Anayenunua nyumba naye akumbuke kumwomba muuzaji amhamishie bima iliyopo, kwa sababu nafuu hiyo huhama pamoja na nyumba iwapo bima haikukatika, na inasikitisha kuona wanunuzi wengi wakianza upya kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Upande wa pili, aliyeingizwa sasa hivi kutoka zoni X asisubiri kulalamika. Akikata bima ndani ya mwaka mmoja tangu ramani ianze kutumika, anaanza kwa ada iliyopunguzwa, inayopanda taratibu kwa kikomo kile kile, na badala ya siku 30 anasubiri siku moja.

Sasa hatari. Mwaka 2017 kimbunga Harvey kiliingiza maji katika nyumba zaidi ya 150,000 hapa Harris County, wilaya ya Houston, na takribani theluthi mbili ya nyumba hizo zilikuwa nje ya zoni ambazo benki hulazimisha bima. Ramani hizi zinachora hasa mito na vijito vikubwa vinavyofurika, pamoja na bahari. Hazichori mvua inayonyesha juu ya mtaa wako na kukosa pa kwenda kwa sababu mitaro imejaa. Nimeingia nyumba ambazo hazijawahi kuwa karibu na rangi ya buluu, ambamo maji yalipita kwenye vile vitundu vidogo vilivyoachwa chini ya ukuta wa matofali ili ukuta upumue, inchi chache tu juu ya majani ya bustani. Hayakuvunja kitu. Yalichuruzika ndani usiku, na kufika asubuhi zulia lilikuwa likielea. FEMA yenyewe hukadiria kwamba inchi moja ya maji ndani ya nyumba inaweza kuharibu mali ya dola 25,000, na bima ya kawaida ya nyumba hailipi hata senti ya maji ya mafuriko.

Ramani nazo huzeeka. Nyingi kati ya zile tulizokuwa nazo wakati wa Harvey zilianza kutumika mwaka 2007, zikiwa zimechorwa upya baada ya dhoruba Allison ya 2001. Mwaka 2018 wataalamu wa NOAA, idara ya serikali kuu inayoshughulikia hali ya hewa, walipokokotoa upya mvua za Texas, ile mvua ya saa 24 yenye uwezekano wa asilimia moja kila mwaka ilipanda hapa Houston kutoka inchi 13 hadi 18. Na hiyo asilimia moja, kwa miaka 30 ya mkopo, inakuwa takribani asilimia 26, yaani uwezekano wa zaidi ya mara moja katika nne.

Kuna mawili sina budi kuyakiri. La kwanza, bei ya sasa siwezi kuieleza kikamilifu. Ninaingiza anwani, mfumo unanirudishia tarakimu, na mteja akiuliza kwa nini jirani analipa pungufu kwa dola 300, ninachomjibu ni ubashiri wa mtu mwenye uzoefu. La pili linaniuma zaidi. Kabla ya Harvey mteja mmoja aliniuliza kama anahitaji bima, nami nikamjibu kwamba yupo zoni X, ni hiari yake. Maneno yalikuwa sahihi. Sauti niliyoyasemea ilimaanisha asijisumbue, naye aliisikia sauti.

Kuhusu dada yangu wa Jumamosi, tulipiga simu benki pamoja juzi, nao wamethibitisha kwamba hawadai tena. Ameniomba nimwache afikiri hadi tarehe ya kuhuisha, ambayo ni mwishoni mwa Agosti. Nimemkumbusha kwamba Harvey naye alifika mwishoni mwa Agosti.